Jembe Linapogonga Kigae: Ushauri kwa Wenye Mashamba wa Kakamega

Kati ya Januari na Machi, kabla mvua ndefu haijashika, Kakamega nzima huwa inachimba. Huyu anatayarisha shamba la mahindi, jirani yake anachimba choo, vijana wanatoa udongo wa kufyatulia matofali, na fundi ameshafunga kamba za msingi wa nyumba mpya. Katika kazi hizo zote udongo hutoa vitu ambavyo hakuna aliyevitafuta: kipande cha chungu chenye mapambo, jiwe lililolika katikati, donge zito lenye vitundu, ushanga wa buluu, sarafu iliyotobolewa katikati. Mara nyingi vitu hivyo hutupwa kando ya ua, watoto wakavichezea siku mbili tatu, kisha vikapotea kabisa.

Makala hii ni ya mwenye shamba ambaye hataki vipotee. Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na mengine yote yanautegemea: usichimbe ili kutafuta vitu vya kale, lakini uwe macho kila unapochimba kwa sababu nyingine, na kitu kikitokea, andika mahali kilipolala kabla hujakiondoa. Kigae kilichookotwa bila kujulikana kimetoka wapi hueleza machache mno. Kigae hicho hicho, ikijulikana kilikuwa kina gani, kando ya makaa gani na chini ya udongo wa rangi gani, kinaweza kutuonyesha ni nani aliyepika hapo na katika zama zipi. Ukiking'oa mahali pake bila kumbukumbu, umeondoka na kitu ukaacha habari zake, na habari hizo hazirudi tena.

Sheria inasemaje

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi hudhani kwamba mwenye hati ya ardhi ni mwenye kila kilicho chini yake. Sivyo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza mtu yeyote kutafuta au kufukua vitu vya kale bila leseni ya utafiti, iwe katika ardhi yake mwenyewe au kwingineko. Vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa jumla sheria inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa.

Sheria hiyo haimwadhibu mkulima aliyekutana na kitu kwa bahati akilima. Inamtaka atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, aeleze mahali hasa na jinsi kilivyopatikana, na kama ni kitu cha kuchukulika, akikabidhi kwa Makavazi au kwa ofisi ya serikali ya wilaya. Ukitokea Kakamega, makavazi yaliyo karibu zaidi ni ya Kisumu, kisha ya Kitale. Njia nyepesi ya kuanza ni kumwona liguru wako, yaani mzee wa kijiji, na chifu, kwa sababu wao wanajua mlango wa kubisha katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti.

Kuna sababu nyingine ya kuiheshimu sheria hii hapa kwetu. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipata dhahabu Kakamega, na mamia ya Wazungu wakamiminika na sururu zao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ikitwaliwa wangepewa nyingine badala yake. Mwaka 1932, dhahabu ilipoonekana, serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo haraka ili iweze kutwaa mashamba kwa fidia ya pesa tu. Wazee wetu walijifunza kwa uchungu kwamba kilicho chini ya ardhi kinaweza kubebwa huku wenyewe wakitazama. Urithi uliobaki udongoni sasa unalindwa na sheria yetu wenyewe, nasi ndio wa kwanza kupaswa kuutunza.

Je, kuna nini huko chini?

Udongo wa Kakamega una tindikali na mvua yetu ni nyingi. Kwa hiyo mifupa, ngozi, mbao na nguo huoza, na chuma huliwa na kutu. Vinavyodumu ni udongo uliochomwa, mawe, makaa, kioo na mabaki ya kuyeyushia chuma. Usitarajie hazina ya kwenye sinema. Tarajia vitu vidogo, tena vilivyovunjika.

Cha kwanza na cha kawaida zaidi ni vigae vya vyungu. Chukua kimoja ukitazame kwenye mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, mapambo yanapotoa kivuli. Kama kina alama za mistari midogo iliyojirudia kama mkeka, huenda mfinyanzi alibiringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Mapambo ya namna hiyo yametumika katika eneo la Ziwa Victoria kwa takriban miaka elfu moja, na wapo wafinyanzi wanaoyatumia hadi leo. Lakini ukiona mdomo wa chungu uliokatwa kwa ngazi ndogo za mshazari, mistari iliyochorwa kwa kuchimbwa, na kitakoni kibonyeo kidogo kana kwamba mtu alikandamiza kidole gumba, simama hapo hapo. Hizo ni dalili za ufinyanzi wa Urewe, wa wakulima wa mwanzo waliojua kufua chuma katika nchi za Maziwa Makuu, nao ulikuwepo upande huu wa Kenya katika milenia ya kwanza baada ya Kristo.

Jina Urewe ni la mahali katika Siaya, si mbali nasi. Shemasi mkuu wa Kianglikana, W. E. Owen, alikuwa na mazoea ya kutazama makorongo na kingo za mito huko Nyanza, akakusanya vigae na kuandika vilikotoka. Alifariki mwaka 1945. Mwaka 1948 Mary Leakey na Louis Leakey walichapisha maelezo ya vigae hivyo, na jina la Owen likiwa pamoja na yao. Leo wataalamu wanatambua ufinyanzi wa aina hiyo Uganda, Rwanda, Burundi, upande wa Buhaya nchini Tanzania na mashariki ya Kongo. Habari ya eneo zima ilipata jina lake katika makorongo ya jirani zetu, kwa sababu mtu asiyekuwa mwanaakiolojia wa kazi alitazama chini na akaandika.

Cha pili ni mavi ya chuma, yaani takataka ya kuyeyushia mawe ya chuma. Ni donge jeusi au la kahawia, zito kuliko linavyoonekana, lenye vitundu vya hewa, na mara nyingine upande mmoja una michirizi iliyoganda kama nta ya mshumaa. Huandamana na vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivukuto, vyenye ncha iliyoungua hadi ikawa na ngozi ya kioo. Ukikuta vitu hivyo viwili pamoja na udongo mwekundu uliokauka kama tofali, huenda umefika penye tanuri la mfua chuma. Tanuri ni la kuachwa kama lilivyo, lisiguswe hata kidogo.

Tatu ni mawe. Jiwe la kusagia hutambulika kwa uso wake uliolika na kulainika katikati, na mwenzake mdogo wa kushika mkononi. Jiwe lililopasuliwa na binadamu ni gumu zaidi kulitambua, kwa kuwa mawe hupasuka yenyewe pia. Tafuta ukingo mkali wenye makovu mengi madogo yaliyofuatana kwa mpangilio, na kivimbe kidogo karibu na mahali palipopigwa. Usilihukumu kwa haraka. Piga picha uulize.

Nne ni vitu vya biashara. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Mumias, kwa watawala wa Wanga. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, na mji ulijulikana kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Shanga za kioo na kauri zilisafiri na misafara hiyo zikaenea vijijini. Ushanga mmoja ni mdogo kuliko punje ya mtama, kwa hiyo huonekana mvua inapoosha njia au ua uliofagiliwa.

Mwisho ni vitu vya wakati wa ukoloni: chupa nene za kijani, mikebe, vikombe vya enameli, na senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka. Karibu na Rosterman, ambako mgodi ulifanya kazi hadi mwaka 1952, na kule Ikolomani, vitu vya namna hii havishangazi. Vingi ni vya baada ya 1895, kwa hiyo havimo katika kundi la vya kale kisheria, lakini vinasimulia habari za wachimbaji, vibarua na maduka ya wakati ule. Viandike kama vingine.

Mahali pa kuwa macho

Ukifanya kazi zako za kawaida, kuna mahali ambapo udongo hujieleza wenyewe. Fuko akisukuma udongo juu, analeta cha chini bila wewe kushika jembe. Mchwa hufanya vivyo hivyo katika kichuguu. Mfereji uliokatwa na maji baada ya mvua kubwa huonyesha tabaka za udongo, na ukuta wa shimo la choo pia. Mashamba ya miwa yaliyogeuzwa na trekta kwa mara ya kwanza hutoa vigae vingi kwa siku moja kuliko jembe la mkono kwa miaka.

Zingatia rangi. Penye udongo mweusi wenye majivu, makaa na vigae vingi, huenda palikuwa na jaa la boma la zamani. Jaa lina habari nyingi, kwa kuwa watu walitupa hapo mabaki ya kila siku: walichokula, walichovunja, walichochoka nacho. Penye ardhi nyekundu na madoa ya mviringo meusi yaliyojipanga, kila moja upana wa kiganja, huenda paliwahi kusimama nyumba. Nguzo ilioza, na tundu lake likajaa udongo wa juu. Mtu asiyejua atayapitishia jembe kwa dakika moja, na umbo la nyumba nzima litakuwa limefutika.

Jembe likigonga kitu

Simamisha kazi mahali hapo tu. Unaweza kuendelea upande mwingine wa shamba. Waambie wanaochimba pamoja nawe sababu, ili asitokee mtu wa kutaka kumalizia kwa haraka.

Piga picha kabla ya kugusa. Weka kalamu au sarafu kando ya kitu ili ukubwa uonekane. Piga moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mti, nyumba au ua, ili mahali patambulike. Simu yako pia inaweza kuhifadhi alama ya mahali hapo kwenye ramani.

Pima. Kwa futikamba, chukua umbali kutoka vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe ya nyumba na nguzo ya mpaka, kisha kina kutoka usoni mwa ardhi. Kitu kikitoka sentimita 20 chini, ndani ya udongo uliolimwa kila msimu, kinaweza kuwa kimezungushwa na jembe mara nyingi. Kikitoka sentimita 90, katika udongo ambao haujawahi kuguswa, uzito wake ni mwingine.

Andika siku hiyo hiyo, kwa penseli ndani ya daftari: tarehe, jina la kijiji, nani aliona, kazi gani ilikuwa ikifanyika, rangi ya udongo, na nini kilikuwa jirani. Wino hufutwa na maji. Penseli haifutwi kirahisi.

Kitu ambacho jembe limekwisha kukitoa, kiokote ukihifadhi. Kilichobaki kimeshikwa na ardhi, kiache kimeshikwa. Kifunike kwa gunia na udongo kidogo, weka alama, kisha utoe taarifa. Makaa hasa usiyachokoe kwa vidole: yakichukuliwa kwa utaratibu na mtaalamu, maabara inaweza kuyapima kaboni na kukadiria umri wake.

Usipanue shimo. Tamaa ya kuona kama kuna kingine ndiyo inayovunja sheria na kuharibu ushahidi, tena inaua. Udongo wetu mwekundu husimama vizuri ukiwa mkavu na huporomoka ukinywa maji. Kaunti hii imekwisha kuzika vijana wa kutosha waliofunikwa katika mashimo ya dhahabu.

Kutunza nyumbani kabla ya kukabidhi

Kigae kigumu unaweza kukisafisha kwa maji matupu na mswaki laini, bila sabuni. Lakini kama kuna masizi au ukoko ndani yake, usikioshe, kwa sababu huenda ni mabaki ya chakula, na wataalamu wana njia za kuyachunguza. Chuma usikioshe wala usikikwangue kutu. Kiache kikauke kivulini. Sarafu usiisugue kwa majivu wala ndimu, kwani utafuta maandishi ambayo yangekupa mwaka wake. Kama kwenu kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, usitumie karai lililowahi kushika zebaki, kwa usalama wako na wa watoto.

Weka kila kilichopatikana pamoja katika bahasha moja ya kaki au mfuko wa karatasi, na kikaratasi ndani kinachotaja tarehe na mahali. Plastiki hushika unyevu na kuozesha. Usichanganye vya shimo la choo na vya shamba la migomba hata kama vinafanana. Wala usigundishe vigae kwa gundi ya dukani.

Mifupa na makaburi

Sisi tunazika nyumbani, na hilo linabadilisha mambo. Boma limehama, shamba limeuzwa mara mbili, msalaba wa mti umeoza, na kaburi halionekani tena. Kwa kuwa udongo wetu hula mifupa, mifupa ya mtu inayoonekana vizuri huenda ikawa ya zamani za karibu. Ukiikuta, acha kuchimba, ifunike kwa heshima, mwite liguru na chifu, nao watawajulisha polisi. Usiihamishe, usiipige picha za kusambaza. Waulize wazee ni ukoo gani uliokaa hapo kabla yenu, ili wenye marehemu washiriki katika kuamua. Hata pale mtaalamu anaposema ni ya kale sana, neno la familia na la wazee lina nafasi yake.

Wanunuzi wa njiani

Habari ikienea kwamba umepata kitu, atatokea mtu mwenye gari zuri na maneno matamu. Mmoja atasema sarafu ya zamani ina madini ya siri na mnunuzi wake yuko Nairobi, ila kwanza utoe pesa kidogo za kipimo. Mwingine ataleta mashine ya kutambua metali na kuomba mchimbe usiku, mgawane. Wa kwanza ni tapeli. Wa pili anakuingiza hatiani. Kuuza na kusafirisha nje vitu vya kale bila kibali ni kosa. Na kama lengo ni dhahabu, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini ni mali ya taifa hata yakiwa chini ya shamba lako, na mchimbaji mdogo anahitaji kibali. Kwa hiyo usitangaze mahali hasa kwenye mitandao. Waambie wanaohusika, basi.

Udongo na masimulizi

Kigae peke yake hakisemi ni cha ukoo gani. John Osogo mwaka 1966 na Gideon Were mwaka 1967 walichapisha vitabu vya historia ya Waluhya, na Were hasa aliitegemea midomo ya wazee aliowatembelea. Wazee wale wameshaondoka. Waliobaki wanajua bado nani alihamia kutoka wapi, boma la nani lilikuwa kwenye kilima kipi, na nyanya yupi alifinyanga. Chukua daftari lile lile la vigae, kaa na babu au nyanya, muulize habari za shamba hilo kabla yenu, uandike jina lake na tarehe. Nenda pia Ilesi, ambako kina mama bado wanafinyanga na kuuza vyungu kando ya barabara ya Kisumu. Waonyeshe picha ya kigae chako, uulize udongo ule ulichanganywa na nini na chungu cha umbo hilo kilikuwa cha kazi gani. Jibu la mtu anayefinyanga kwa mikono yake lina thamani kubwa mbele ya mtafiti yeyote.

Walimu nao wana nafasi. Darasa linaweza kuchora ramani ya kijiji na kuweka alama kila mahali ambapo mzazi aliwahi kuona vigae, mavi ya chuma au mawe ya kusagia, bila kuchimba hata shimo moja. Ramani ya namna hiyo ikifika Makavazi au idara ya historia ya chuo kikuu, mtafiti anayetaka leseni atajua pa kuanzia, na kijiji kitakuwa kimeshiriki tangu mwanzo badala ya kushtukia magari ya wageni.

Hatua za msimu huu ni chache. Nunua daftari na penseli, uviweke pamoja na majembe. Kabla fundi hajaanza choo au msingi, mwambie akuite akiona kigae, makaa mengi au udongo uliobadilika rangi ghafla, na umhakikishie kuwa muda utakaopotea utamlipa. Waambie watoto kuwa wakiokota kitu walete na waonyeshe walipokiokota. Kisha, kitu kikitokea, timiza zile siku 7. Watu walipika, walifua chuma na kulea watoto kwenye ardhi hii karne nyingi kabla ya yeyote kuandika jina la Kakamega kwenye karatasi. Habari zao nyingi ziko chini ya mashamba yetu tu, na sisi wenye majembe ndio wa kwanza kuziona au kuzipoteza.